Usiishie kumuuliza mama, waulize na mashangazi

Mamdogo wangu alianza kwa kulalamika sketi zinambana. Tukamcheka, mamdogo kitambi hicho punguza chipsi, na yeye akacheka. Kumbe mtu anakula vijiko vitatu vya wali anasema nimeshiba, na kila saa yuko chooni anakojoa. Zahanati wakampa dawa za vidonda vya tumbo, zikaisha wakampa tena, ikaenda miezi minne mpaka tumbo likajaa maji ndo akapigwa ultrasaundi, kumbe ni kansa ya ovari, ile mifuko ya mayai ya mwanamke.

Na majibu ya kipimo cha shingo ya kizazi alikuwa nayo kwenye mkoba, safi kabisa! Hapo ndo wengi tunajichanganya jamani, kipimo kile hakigusi ovari. Waingereza walifuatilia wanawake zaidi ya laki 2 wasio na dalili, wengine wakapimwa damu au ultrasaundi kila mwaka, majibu ya 2021 yakaonyesha vifo vya kansa ya ovari havikupungua.

Kwa hiyo mimi naanzia kwenye ukoo. Daktari aliniuliza, shangazi zako je? Nikabaki namtolea macho, nilijua ni mambo ya upande wa mama tu, kumbe jeni la BRCA1 lenye hitilafu, yaani ile chembe ya urithi inayoleta kansa ya titi na ovari, hata baba anakurithisha. Ukiwa nalo, kati ya wanawake 100 kama wewe 40 au zaidi wanaweza kupata kansa ya ovari, wakati kwa wengine hawafiki 2. Ndo maana Angelina Jolie, yule mwigizaji wa Marekani mwenye jeni hilo, alitolewa ovari na mirija ya uzazi 2015, mama yake aliondoka na kansa hiyo 2007.

Kingine vidonge vya majira. Mashoga zangu wanasema vinaozesha ovari, wakati ukivitumia miaka 5 na kuendelea hatari inashuka karibu nusu, ila presha na historia ya kansa ya titi mwambie daktari kwanza. Kunyonyesha nako kunasaidia. Na kama umemaliza kuzaa unataka kufunga kizazi, uliza kama mirija inaweza kutolewa yote, maana nyingi ya kansa hizi zinaanzia huko kwenye mirija.

Tumbo likijaa, unashiba haraka, mkojo kila saa, karibu kila siku kwa wiki mbili tatu, usikubali dawa za vidonda mara ya pili, omba ultrasaundi kwa mdomo wako.

Mimi nilimpigia shangazi kuuliza bibi alikufa na nini, akanijibu "titi la marehemu unalitakia nini wewe?" akakata. Jumapili nampigia tena.