Ruta mbili nyumbani, intaneti inashika na kuachia

SWALI: Nimeongeza ruta ya zamani ili Wi-Fi ifike vyumba vya nyuma, nikaiunganisha kwa waya na ile ya kampuni ya intaneti. Tangu hapo kompyuta inaonyesha imeunganishwa lakini kurasa mara zinafunguka, mara hazifunguki. Nimebadilisha nenosiri, bado.

JIBU: Nenosiri halihusiki, lingekuwa na kosa, kompyuta isingeunganishwa kabisa. Kinachoshukiwa ni kwamba ruta zote mbili zinagawa anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao), na huenda zote zinatumia 192.168.1.1, ambayo ruta nyingi hutoka nayo kiwandani. Kifaa kikielekezwa kwa ile ya zamani, kinatuma data kwenye ruta isiyo na intaneti.

Hakikisha kabla ya kugusa mipangilio. Kwenye Windows fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ipconfig, soma namba ya Default Gateway (anwani ya ruta ambayo kompyuta inapitia). Kisha andika arp -a, tafuta namba hiyo na ulinganishe anwani ya MAC (namba ya kifaa kutoka kiwandani) iliyo mkabala wake na kibandiko cha chini ya kila ruta. Tarakimu za mwisho zinaweza kupishana kidogo, hilo lisikutishe.

Ikiwa MAC hiyo ni ya ruta ya zamani, chomoa waya unaoziunganisha. Chomeka kompyuta kwenye ruta ya zamani peke yake, ingia kwenye mipangilio yake, ubadilishe anwani yake iwe 192.168.1.2. Ukurasa utakatika, ingia tena kwa anwani mpya, ndipo uzime DHCP (huduma inayogawa anwani za IP). Ukianza na DHCP unaweza kujifungia nje. Angalia pia kwamba ruta kuu, ile ya kampuni, haigawi 192.168.1.2: iambie ianze kugawa kuanzia 192.168.1.100. Ruta moja iwe chaneli 1, nyingine 6 au 11, kwa Wi-Fi ya 2.4 GHz.

Sasa rudisha waya, tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani) kwa tundu la LAN. Tundu la WAN (la kuingizia intaneti) la ruta ya zamani libaki tupu. Hapa ndipo wengi hukosea.

Kwenye kompyuta andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Ukipata anwani inayoanza na 169.254, hakuna ruta iliyoijibu: kagua waya. Ukipata 192.168.1, jaribu ping 192.168.1.1 (ping hupima kama anwani inajibu), halafu ping 8.8.8.8, seva ya Google. Zote zikijibu lakini kurasa hazifunguki, shida ni DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP); weka 8.8.8.8 kwenye sehemu ya DNS ya ruta kuu.