Mkojo wa rangi ya chai si "sumu inatoka": maswali yenu kuhusu mitishamba ya ini na tumbo

Safari hii barua zilizoniingia nyingi ni za ini na tumbo, na karibu zote zina kichupa cha vidonge vya mitishamba ndani yake. Nimechagua tano. Ya kwanza nimemjibu mwenyewe moja kwa moja kabla hata gazeti halijaenda mtamboni, maana haikuwa ya kusubiri.

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina miaka 41. Nilipigwa ultrasaundi nikaambiwa ini lina mafuta, daktari akasema nipunguze uzito basi, hakunipa dawa yoyote. Sikuridhika, nikanunua kapsuli za kusafisha ini, zina silimarini, manjano iliyochanganywa na pilipili manga, na chai ya kijani iliyokolezwa. Niko wiki ya tano. Nachoka sana, hamu ya kula imeisha, mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi kabisa. Aliyeniuzia anasema hiyo ni sumu inatoka nisikatishe dozi. Nimalizie?

JIBU: Marahaba. Usimalizie mdogo wangu, acha leo hii hii, na kesho asubuhi uwe hospitali, na hicho kichupa ukibebe usikiache nyumbani.

Sasa nikueleze kwa nini nimeshtuka. Chembe nyekundu za damu zikizeeka zinavunjwa na kutoa kitu cha rangi ya njano kinaitwa bilirubini, kazi ya ini ni kuikamata na kuitoa kupitia nyongo iende chooni, ndo maana choo kina rangi ile kilichonayo. Ini likiumia bilirubini inarudi kwenye damu, figo zinaitoa, mkojo unakuwa mweusi mweusi kama chai, choo kinaweza kupauka, afu macho yanaanza kuwa manjano na mwili kuwasha. Kwa hiyo hiyo rangi unayoiona si sumu inayotoka, inawezekana kabisa ni ini linalolia. Maneno ya "ni sumu inatoka, vumilia" yananiuma sana kwa sababu ndo yanayomfanya mtu aendelee kumeza kitu kinachomuumiza wiki mbili tatu zaidi, wakati wengi wakiacha mapema ini linapona lenyewe.

Hospitali waombe wapime ALT na AST (vimeng'enya vinavyopanda kwenye damu ini likiumia), bilirubini na muda wa damu kuganda, pia wapime homa ya ini A, B na C maana isije ikawa tunalaumu kapsuli kumbe ni kirusi. Na kabla hujafika hapo usimeze paracetamol bila kuuliza. Ukianza kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa au kutokwa damu, hiyo si ya kusubiri asubuhi, ni ya kukimbizwa usiku huo huo.

Tuje kwenye vilivyomo. Silimarini inatoka kwenye mbegu za mmea wa miba wenye maua ya zambarau, Silybum marianum, na ndo jina utakalolikuta kwenye karibu kila kichupa kinachodai kulinda ini. Kwa usalama haina shida kubwa, wachache inawaharishia kidogo. Kufanya kazi ndo tatizo: mwaka 2012 kulitoka utafiti Marekani kwa wagonjwa 154 wa homa ya ini C ambao dawa za wakati ule zilikuwa zimewashinda, wakapewa silimarini ya dozi kubwa wiki 24, na matokeo hayakuwa bora kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Sisemi haina faida hata chembe, nasema mpaka leo hakuna uthibitisho wa kukufanya uitegemee.

Manjano ya kwenye mboga haina neno, mwili haufyonzi sana kile kiini chake cha kukumini, kinapita tu. Ndo maana watengenezaji wanaongeza kiini cha pilipili manga, piperini, ili kifyonzwe kwa wingi, na utafiti mdogo wa 1998 ulionyesha kinapanda kwa asilimia 2000. Watu wanasoma hiyo namba wanafurahi. Mimi nikiisoma nawaza ini, maana kinachoingia kwa wingi hivo lazima ini likishughulikie, na kweli miaka ya karibuni madaktari wameripoti watu walioumia ini kwa vidonge vya manjano, Italia 2019 mpaka mamlaka zikatoa tahadhari. Si wengi ukilinganisha na wanaomeza, ila wapo, na huwezi kujua kabla kama wewe ni mmoja wao.

Chai ya kijani nayo hivo hivo, ya kunywa kwenye kikombe ni salama, lakini iliyokolezwa kwenye kapsuli ni kitu kingine. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema 2018 kwamba miligramu 800 na kuendelea kwa siku za kile kiini chake kikuu, EGCG, zinahusishwa na vimeng'enya vya ini kupanda. Angalia kichupa chako kama kimeandika kiasi. Vingi havijaandika, wameandika tu "mchanganyiko maalum".

Na daktari wako hakukudharau kutokukupa dawa. Kwa mafuta kwenye ini, kupunguza uzito ndo dawa yenyewe, ukishusha asilimia 7 mpaka 10 ya uzito wako (mtu wa kilo 90 ni kama kilo 6 hadi 9) mafuta yanapungua na hata uvimbe wa ndani ya ini unatulia. Dawa za hospitali zimeanza kutoka, ya kwanza iliruhusiwa Marekani Machi 2024, ila ni ya walioanza kupata makovu kwenye ini, si ya kila mwenye mafuta. Pombe kaa nayo mbali. Kahawa kunywa, tafiti nyingi zimekuta wanywaji kahawa wana maradhi machache ya ini. Ukishapata majibu ya vipimo niandikie tafadhali.

SWALI: Nilifanya ile ya kusafisha ini na mfuko wa nyongo, nilifunga siku nzima usiku nikanywa mafuta ya zeituni na maji ya limao. Asubuhi nimetoa vijiwe vya kijani zaidi ya thelathini, laini laini, vinaelea. Nirudie mwezi ujao vilivyobaki vitoke?

JIBU: Usirudie. Najua ulivyoviona kwa macho yako ni vigumu kukubali lakini hivo si vijiwe vya nyongo, ni sabuni. Mafuta mengi yakikutana na maji ya limao na vimeng'enya vya tumboni yanaganda kuwa vidonge laini vya kijani, na hilo limepimwa maabara, jarida la Lancet lilichapisha mwaka 2005 kisa cha mgonjwa aliyeleta vyake hospitali vikachunguzwa, havikuwa na kolesteroli wala bilirubini wala kalisiamu, yaani hakuna hata kimoja kati ya vitu vinavyotengeneza kijiwe cha nyongo. Vikiwekwa kwenye joto kidogo vinayeyuka.

Kinachonitisha ni mtu mwenye vijiwe vya kweli. Mafuta mengi kwa mkupuo yanafanya mfuko wa nyongo ujikaze kwa nguvu, kijiwe kinaweza kusukumwa kikaenda kukwama kwenye mrija, hapo unapata maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu, homa, macho manjano, au kongosho linavimba na hilo linaua. Kwa sababu hiyo hiyo mwenye vijiwe asitumie vidonge vya atichoki au mitishamba yoyote inayojisifu kuongeza nyongo. Piga ultrasaundi, ni kipimo cha dakika chache tu utajua kama unavyo au huna.

SWALI: Natumia chai ya sanamaki kila usiku mwaka wa pili huu maana bila hiyo sipati choo. Wanasema ni asili haina madhara. Mimi ni mama wa miaka 52.

JIBU: Mama, sanamaki ni dawa ya kweli na inafanya kazi, mpaka mahospitalini wanaitumia. Inachokoza utumbo mpana ujikaze, ukinywa usiku inakujibu baada ya saa 6 mpaka 12, ndo maana asubuhi. Lakini imekusudiwa siku chache, wiki moja hivi, si miaka miwili bila daktari kujua. Kila siku kwa muda mrefu, hasa ukizidisha mpaka unaharisha, unapoteza maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli inalegea na mapigo ya moyo yanaenda ovyo, sasa kama unameza dawa za presha za kukojoza au dawa za moyo hatari inakuwa mara mbili. Ini pia limeshawahi kuumia kwa wachache waliotumia sana kwa muda mrefu. Shubiri ya kutafuta choo ni ndugu yake, usikimbilie huko, Marekani waliiondoa kwenye orodha ya dawa za choo za kuuzwa bila cheti tangu 2002 kwa kukosa ushahidi wa usalama wake.

Usikate ghafla utateseka. Anza maganda ya siliamu (psyllium, nyuzinyuzi za maganda ya mbegu zinazolainisha choo), kijiko kimoja kwenye glasi kubwa ya maji, unywe hapo hapo halafu na glasi nyingine juu yake, maana bila maji yanavimba na kukwama, na dawa zako nyingine zimeze saa 2 kabla au baada. Siku ya nne ya tano ndo unaona tofauti, hapo punguza sanamaki usiku mmoja baada ya mwingine. Lakini kwanza, kwa umri wako na miaka miwili ya choo kigumu, nenda ukachunguzwe utumbo mpana. Kama kuna damu, umepungua uzito, au choo kimekuwa chembamba kuliko zamani, nenda wiki hii usisubiri siliamu.

SWALI: Mume wangu ana homa ya ini B, anameza tenofovir kila siku mwaka wa tatu. Kuna mtu kamwambia ana mizizi inayomaliza kirusi kabisa ndani ya siku 90 ila aache kwanza vidonge. Ameshaacha siku nne. Nifanyeje?

JIBU: Dada, hii ndo barua iliyoninyima usingizi. Arudie vidonge leo na mpeleke kliniki yake wiki hii hii mkawaambie ukweli kwamba amekatisha. Tenofovir haiui kirusi chote, inakilaza, na ukiiacha kinaamka, kwa wengine kinaamka kwa kishindo ini linavimba ghafla mpaka linashindwa kazi. Inaweza kutokea wiki kadhaa au hata miezi baada ya kuacha, hivo asiseme "mbona niko fiti".

Hakuna mzizi wala jani lililothibitishwa kumaliza homa ya ini B, na hospitali nako dawa ya kukimaliza kabisa kwa watu wengi bado haijapatikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 254 walikuwa wanaishi nacho mwaka 2022, kungekuwa na mizizi ya siku 90 isingekuwa siri ya mtu mmoja. Homa ya ini C ndo inapona, kwa vidonge vya wiki 8 mpaka 12, zaidi ya asilimia 95 wanapona, na nadhani hapo ndo watu wanachanganya majina wanasikia "homa ya ini inapona" wanadhani zote.

Usimgombeze, kuna uchovu mkubwa sana katika kumeza kidonge kila siku wakati hujisikii kuumwa, muulize ni nini hasa kimemchosha. Na wewe na watoto mmepimwa? Asiye nacho achanjwe, chanjo ipo na inakinga vizuri.

SWALI: Mshauri kila kitu unakataa. Hakuna mtishamba hata mmoja unaoukubali?

JIBU: Ipo. Tangawizi kwa kichefuchefu naikubali. Siliamu nimeshaisema. Na mafuta ya peremende yaliyo kwenye kapsuli zenye ganda lisiloyeyuka mpaka zifike kwenye utumbo, kwa wale ambao tumbo linasokota na kujaa gesi miaka na miaka vipimo vyote vikiwa safi, yanalegeza misuli ya utumbo na hata miongozo ya madaktari wa tumbo inayataja. Meza nusu saa au saa nzima kabla ya kula, usiitafune kapsuli, ikipasukia juu inalegeza mlango wa tumbo unapata kiungulia. Kama kiungulia tayari unacho, hiyo iache.