Paini Imeanguka, Ndani Ni Bluu: Imeoza Ama Bado?

SWALI: Habari ya kazi mzee. Ule upepo wa mvua ya Aprili uling'oa paini yetu kubwa nyuma ya nyumba, ikalala hapo kwa matope mpaka juzi ndio tukapata mtu wa pawasoo. Kukata tu hivi, sehemu yote ya nje ni bluu kijivu kama wino umemwagika, na upande wa chini gome limejaa uyoga mweupe mgumu. Fundi anasema zote ni kuni, baba watoto anataka kuezeka nazo jiko la nje. Nani ako sawa? – Mama wa Dagoretti

JIBU: Mama, pole kwa mti, na umefanya vizuri kuuliza kabla misumari haijaingia.

Hiyo bluu si kuoza. Ni kuvu inayofika mapema, mara nyingi inabebwa na vile vidudu vinavyotoboa gome, na chakula chake ni sukari na wanga uliobaki kwa ile sehemu nyeupe ya nje, ubao wenyewe haiuli, so nguvu inabaki karibu ile ile. Shida ni sura, na ubao wa bluu hunywa maji haraka.

Mbona haikushika mti ukiwa umesimama? Mti hai umejaa maji, hewa haina pa kupita, na utomvu unaziba vidonda. Ukianguka mizizi imekatika maji yanapungua polepole hewa inaingia, hapo ndio kuvu inapata mlango. Uswidi, dhoruba ya Gudrun ya Januari 2005 iliangusha kama mita za ujazo milioni 75 za miti, na magogo mengi yalirundikwa yakawa yananyunyiziwa maji, kwa sababu gogo lililoloa kabisa halina hewa ya kutosha kuvu kuishi. Lako halikuloa hivyo wala halikukauka, na hapo katikati ndio pabaya.

Wasiwasi wangu ni huo uyoga. Ukiuona nje, jua nyuzi zake zimeshatembea ndani kitambo. Kuna kuvu inayokula selulosi (ile sehemu inayoupa ubao nguvu) ikaacha lignini (ile kama gundi inayoushikanisha), ubao unakuwa kahawia, unapasuka vipande vya mraba kama makaa, ukifinya kwa vidole unabaki na unga. Nyingine inakula hadi lignini, ubao unabaki mweupe na laini, wa nyuzinyuzi. Ya kahawia ndio naiogopa zaidi kwa paa, maana nguvu inaisha kabla jicho halijaona kitu.

Chukua bisibisi, ingiza ncha kidogo kwa ubao halafu inua. Kikitoka kibanzi kirefu kinachong'ang'ania, huo ni mzima, hata kama ni bluu. Kikikatika kifupi pale pale juu ya bisibisi, fundi ako sawa, ni kuni. Na usikatie pale uozo unapoishia kwa macho, ongeza kama nusu mita. Dawa ya mbao haiwezi kurudisha nguvu iliyokwisha kuliwa, usidanganywe.

Zile nzima pasueni sasa, mzipange juu ya mawe, vijiti katikati ya kila safu upepo upite, mabati juu lakini pembeni wazi. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 20 kuvu haiendelei. Fanyeni haraka, mvua ya vuli iko karibu, na zikilala chini tena hata hizo nzima zitaliwa.