Mwenzetu, lipa kwanza

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Ukisafiri kwenye jiji kubwa la ugenini, unatafuta kwa makusudi mgahawa unaomilikiwa na mtu mweusi?" Nimelisoma jioni nikihesabu mauzo, siku ileile ambayo mteja mmoja kanilia wali samaki, kashushia na juisi ya ukwaju, halafu kaniambia, "Dada, mimi nimekuja kukuunga mkono, nipunguzie basi elfu mbili." Kwa hiyo mnisamehe jibu langu likiwa na chumvi.

Nina mgahawa Ngamiani, Tanga, meza sita na kibaraza. Jibu fupi ni hapana, sitafuti. Mwenye njaa hufuata harufu, haulizi jiko la nani. Na hawa wanaokwenda kwa "mwenzetu" nawajua kwa sura: ndio haohao wanaotaka kipande kiongezwe, bei ishuke na deni liandikwe daftarini. Supamaketi hawaombi bei ya kindugu. Bei ya kindugu ni yetu sisi ndugu.

Jiji kubwa la ugenini nimefika moja tu, Washington, Mei 2016. Mdogo wangu anaishi Maryland, na binti yake alikuwa anahitimu Chuo Kikuu cha Howard. Mwaka huo aliyetoa hotuba ya mahafali alikuwa Obama mwenyewe, tukamwona kwa mbali, mdogo kama punje. Nilisafiri na mama mdogo, bibi wa miaka sabini na mbili asiyekula nje ya nyumba yake mpaka afunue sufuria.

Siku mbili baadaye mdogo wangu akatupeleka mtaa wa U Street, kwenye mgahawa wa watu weusi uitwao Ben's Chili Bowl. Nje kuna foleni, ndani kuna kaunta ndefu na viti vya kuzunguka, na mtu anageuza soseji kwenye bamba la moto palepale mbele ya kioo. Hilo nililipenda mara moja. Jiko lisilojificha ni nusu ya biashara. Nikasimama kumwangalia mkono: anageuza, anapasua mkate, anapaka haradali, kitunguu, anamwagia rojo zito la nyama ya kusaga. Hata hatazami.

Mama mdogo akanivuta ushungi. "Muulize hiyo nyama ni ya nini."

Nyama ya nini! Sifa ya mgahawa ule ni soseji iitwayo half-smoke, ambayo nusu ni nyama ya ng'ombe na nusu ni nguruwe. Mdogo wangu alilijua hilo tangu nyumbani na hakusema. Mama mdogo akakaa kimya kile kimya chake, kisha akasema, "Nimevuka bahari saa ishirini kuja kunusishwa nguruwe?" Tukaagiziwa chipsi za kumwagiwa rojo lisilo na nyama. Akazila moja moja, akiikagua kila moja kama anachambua mchele.

Ndipo mdogo wangu, kujiokoa, akaanza kusimulia. Kwamba Ben Ali aliyeufungua mgahawa huo na Virginia, mkewe mtarajiwa, Agosti 1958, alikuwa mtu wa Trinidad, tena Mwislamu. Na kwa dini yake hakuwahi kuila soseji aliyokuwa akiiuza.

Mama mdogo akaacha kula. "Hakuila kabisa?"

"Kabisa."

"Basi mwite. Mwambie tuko Waislamu wenzake, atupunguzie."

Wallahi nilicheka mpaka watu wakageuka. Ben alikwishafariki 2009, mgahawa uko kwa mkewe na watoto. Lakini mimi habari ya kuuza usichokula ilinigusa pengine. Pweza akipita kooni kwangu natoka mabaka mwili mzima, na supu ya pweza ndiyo inayonilipia kodi ya pango. Naionja kwa macho na kwa uso wa mteja wa kwanza. Nikajisikia nina jamaa yangu marehemu pale Washington.

Tulikaa karibu saa mbili. Mdogo wangu akaeleza kuwa Martin Luther King alipouawa Aprili 1968, mtaa ule ulichomwa na kuporwa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa, na wao wakaruhusiwa kubaki wazi, wakilisha polisi, wazimamoto na wanaharakati kwa kaunta moja. Kisha ikaja miaka ya kuchimba reli ya chini ya ardhi, barabara ikawa shimo mbele ya mlango wao, mpaka kituo cha U Street kikafunguliwa 1991. Mimi hapo ndipo niliposhika kichwa, si kwenye moto. Moto watu wanausimulia. Shimo hakuna anayelisimulia. Kwangu walichimba mtaro mbele ya kibaraza wiki tatu tu, nikafika kuuza sahani tisa kwa siku, na wale wa kuniunga mkono sikuwaona hata mmoja.

Halafu akatuambia la Obama. Aliposhinda uchaguzi wa 2008, mgahawa ulibandika tangazo kuwa familia yake inakula bure. Januari 2009, siku chache kabla hajaapishwa, akaja kweli. Bili ilikuwa kama dola 12. Akatoa noti ya 20, akakataa chenji. Mama mdogo akasema huyo kalelewa. Mimi nikatamani tangazo lile niligeuze Kiswahili nilitundike Ngamiani, juu ya daftari la madeni, wajue hata aliyepewa bure alilipa.

Sasa niwe mkweli, maana nikiandika naona jibu langu la mwanzo linanitoka mkononi. Wakati wa kurudi mdogo wangu alituambia kuwa mwaka 1961, kwenye barabara ya Route 40 hukohuko Maryland, balozi wa Chad akielekea kupeleka hati zake kwa Rais Kennedy alinyimwa huduma mgahawani kwa sababu ya rangi yake. Mama mdogo aliuliza mara mbili: "Balozi?" Na kwamba tangu 1936 mpeleka barua mmoja wa mtaa wa Harlem, New York, Victor Hugo Green, alikuwa akichapisha kitabu cha kumwonyesha msafiri mweusi wapi atapokelewa, wapi atalala, wapi atakula. Kwa watu wale kutafuta mgahawa wa mwenzao hakukuwa kuunga mkono wala hisani. Ilikuwa njaa na usalama wa roho. Mimi nasema "haulizi jiko la nani" kwa sababu hakuna aliyewahi kunifukuza mezani.

Kwa hiyo, ndiyo, nikirudi Washington nitaanzia pale. Ila msinielewe vibaya. Nausifu mgahawa ambao chakula chake kikuu sijakila wala sitakila, kwa hiyo utamu wa soseji ile waulizeni wanaokula nguruwe. Na kama mnakwenda, nendeni kama wateja: ulizeni bei kabla, lipeni yote, na pale mnapohudumiwa mezani wekeni bakshishi, maana huko mhudumu anaitegemea. Mimi sikujua. Kwenye mgahawa mwingine, siku nyingine, niliinuka nikidhani nimemaliza, mdogo wangu akarudi mbio kuacha pesa, na aibu hiyo nikaipanda ndege nayo.

Yule wa elfu mbili mnataka kujua? Nilimkatalia kwa sauti, kibaraza kizima kikasikia. Halafu akataja kwao, kumbe ni Pangani, kwa kina bibi yangu. Nikampunguzia elfu moja.