Kustaafu bila kushinda barazani

Shikamoo mzee wangu. Umesema mwakani unafikisha miaka 60, na unaogopa kushinda barazani Tabata huna la kufanya. Usisubiri barua ya kustaafu, anza Jumamosi hii. Wewe ni fundi umeme: tafuta vijana wawili mtaani, uwafundishe kutandaza nyaya na kushika testa bila kupigwa shoti. Hapo ndipo penye utamu, maana kuna mtu atakugongea mlango asubuhi akikuhitaji. Mazoezi pia, msitu wa Pugu hauko mbali, nenda kabla jua halijawa kali. Kiinua mgongo usikitie kwenye daladala kisa upweke, tafadhali sana. Na uongee na mama mapema, naye ana vikoba na ratiba zake.