Kitabu kinahitaji mtu wa kukuuliza

Mmeuliza wiki hii: “Je, kitabu kinaweza kumsaidia mtu anayepata ushauri nasaha, au ni njia ya kuukwepa ushauri wenyewe?” Nimeona yote mawili yakitokea, mara nyingine kwa kitabu kilekile. Tofauti naiona kwenye jambo moja: je, kuna mtu atakayemuuliza msomaji amekutana na nini humo ndani?

Mimi ni mkutubi, kwa hiyo msitegemee niwe mwamuzi asiye na upande. Watu hawaji mezani kwangu wakasema wana sonona. Huuliza kama kuna kitabu cha usingizi, au cha hasira, na wengi huongeza haraka kwamba ni cha rafiki. Nawapa, sihoji. Lakini huwa najiuliza huyo “rafiki” akishafika ukurasa wa mwisho atazungumza na nani.

Katika kazi yetu yupo mwanamke ambaye kila mkutubi angepaswa kumjua: Sadie Peterson Delaney. Mwaka 1924 alianza kazi katika hospitali ya wanajeshi wastaafu weusi huko Tuskegee, Alabama, Marekani, akaendelea hadi alipofariki mwaka 1958. Wagonjwa wake wengi walikuwa wametoka vitani na majeraha ya mwili na ya akili. Delaney alishirikiana na madaktari, akamfahamu kila mgonjwa na mapenzi yake, akamchagulia cha kusoma, kisha akakaa naye wakakizungumzia. Waliopoteza kuona aliwafundisha nukta nundu. Hakuwa mtu wa kugawa vitabu wodini na kuondoka, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipokuwa tiba.

Chukua vitabu vya mazoezi, vile vilivyojengwa juu ya tiba ya fikra na tabia. Sura inakuomba uandike jambo lililotokea, wazo lililokupitia kichwani papo hapo, ulivyojisikia, halafu ushahidi unaolithibitisha wazo hilo na unaolipinga. Msomaji anasoma, anatikisa kichwa kwamba kweli kabisa, anafungua sura inayofuata. Daftari halijaguswa. Akimaliza kitabu atakuambia hakikumsaidia, na hasemi uongo. Mwenye kikao wiki ijayo walau ataandika mistari miwili, hata kama ni kwenye basi akielekea kwa mshauri, kwa sababu anajua ataulizwa. Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu kwa wataalamu wa afya, unataja njia hii miongoni mwa zile za kufikiriwa kwanza kwa sonona isiyo kali, lakini mgonjwa hapewi kitabu na kuachwa peke yake: huwa na mtaalamu anayemfuatilia, kwa kawaida katika vikao 6 hadi 8.

Riwaya ina njia yake, na mimi naiheshimu zaidi. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyatamka yakiwa yake. Binti anayemuuguza mama yake kwa miaka hawezi kusema amechoka naye, atajiona amelaaniwa. Lakini anaweza kusema, “Huyu mhusika namwelewa, hata pale alipofunga mlango akajifanya hasikii akiitwa.” Mshauri mwenye sikio hatamkatiza ili amwambie, “Kumbe ni wewe.” Atauliza mhusika alijisikiaje baada ya kufunga mlango, na mazungumzo yataendelea kwa nafsi ya tatu mpaka mwenyewe awe tayari kusema “mimi”. Kwa kazi hiyo, hadithi inayoisha vizuri haina faida ya ziada. Na jamani, mtu aliyefiwa juzi msimpelekee kitabu cha msiba. Mpelekeeni chakula.

Vitabu vya kujiendeleza ndivyo vinavyoazimwa kuliko vyote kwangu, na ndivyo vinavyonitia mashaka. Vingine ni vizuri sana. Vingine vinamwambia anayepigwa nyumbani, au aliyeachishwa kazi pamoja na wenzake wote, kwamba shida ni mtazamo wake. Kabla ya kuazima, tafuta kama mwandishi ameeleza popote ni wakati gani uache kitabu chake na umwone mtaalamu. Asiyegusia kabisa suala hilo mimi simwamini.

Kuandika nako kumo humu. Mwaka 1986 watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliandika kwa dakika 15, siku 4 mfululizo, wengine wakiandika kuhusu jambo zito lililowahi kuwapata. Wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walitoka na huzuni zaidi mara tu baada ya kuandika, ila katika miezi iliyofuata walikwenda kliniki ya chuo mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo kama kitabu kimekuambia uandike nawe ukajikuta unalia, usidhani umekosea zoezi. Ila kama unajua kinachokungoja ni kiwewe kikubwa, usikifungue usiku ukiwa peke yako. Na mwenye mawazo ya kujiua asipoteze muda kwenye rafu zangu; amwambie mtu leo, aende hospitali.

Kwa asiye na mshauri, tafuta mtu mmoja unayemwamini, msome kitabu kimoja, sura moja kwa wiki, kisha kila mmoja aeleze alichojaribu kufanya. Mwenye mshauri aende nacho kikaoni, akiwa ameweka alama kwenye ukurasa uliomuudhi au aliouruka. Wala si lazima awe amekimaliza. Mimi nikiombwa kuongeza siku za kuazima kwa sababu hiyo, naongeza bila kuuliza.