Mume wangu anasema kadi za besiboli ndizo urithi wa watoto

Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na watoto wawili. Mume wangu anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Tangu wenzake wa kazini wamwingize kwenye kukusanya kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji zinazouzwa kwa pakiti, kila Ijumaa ya mshahara analeta boksi jipya la dola 150 au zaidi. Juzi kanunua sanduku zima la kadi za 1988 hadi 1991 kwa dola 400, eti ni za zamani. Mtoto wetu wa miaka tisa naye kashikwa, Jumamosi wanakaa sakafuni wanafungua pakiti. Hela za kiwanja chetu Kibaha zimesimama. Wiki iliyopita nikaona deni la kadi ya mkopo nisilolijua, dola 3,800. Nikimuuliza, ananiambia kuna kadi zimeuzwa mamilioni na ipo siku nitamshukuru. Nawaza kuzitupa zote akiwa kazini. Nifanyeje?
Mama Imani, Columbus

Marahaba, Mama Imani. Usitupe hata moja. Ukizitupa, deni litabaki palepale, ila mazungumzo yatahama kutoka kwenye deni lake kwenda kwenye kosa lako. Mwanamume aliyetupiwa vitu vyake hasikii tena neno la mkewe, hata liwe la haki namna gani.

Kuhusu mamilioni, mumeo hajasema uongo. Agosti 2022 kadi ya mchezaji Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Lakini muulize aliyeiuza aliipataje. Aliinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000. Huyo ni mtu aliyekuwa na 50,000 za kuweka kando miaka thelathini, asizihitaji kwa kodi ya nyumba, wala ada, wala kutuma nyumbani kukitokea msiba. Alianza na fedha ndipo akanunua kadi. Mumeo anataka kuanza na kadi ndipo apate fedha, tena kwa mkopo, na hapo ndipo ninapomwonea huruma, maana anajituma kweli kwa ajili yenu.

Lile sanduku la dola 400 ndilo litakalomfundisha, ukilitumia vizuri. Kadi ile ya Mantle ni adimu kwa sababu mwaka 1952 nyingi hazikununuliwa, zikakaa bohari, na mwaka 1960 Topps wakazipakia kwenye tishari wakaenda kuzimwaga baharini Atlantiki. Nyingine ziliishia mikononi mwa watoto, zikakunjwa, zikapotea. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980, Marekani nzima ilikuwa imeshasikia kwamba kadi za kale zina bei. Kampuni zikachapa bila kipimo, na wanunuzi wakazitunza kwenye plastiki, wengine hata maboksi hawakuyafungua. Hakuna aliyezitupa. Ndiyo maana leo nyingi za miaka hiyo hazifiki bei ya soda, pamoja na umri wake. Mwambie aitafute humo kadi ya mchezaji Ken Griffey Jr., ya kampuni ya Upper Deck, 1989, namba 1. Ikiwemo, na pembe zake bado kali, amepata kitu. Za wachezaji wasio na jina, mpe mtoto achezee.

Sasa kaeni pamoja, lakini isiwe Ijumaa, akiwa na boksi jipya mkononi. Mwombe akuonyeshe kadi kumi anazoziamini kuliko zote, na mtazame bei zake pamoja kwenye eBay, soko la mtandaoni. Msitazame bei wanazoomba wauzaji, kila mtu anaweza kuomba apendacho. Fungueni sehemu ya zilizokwisha kuuzwa, muone mtu alilipa ngapi kweli, kwa kadi ileile na hali ileile. Toeni ada ya mtandao na posta. Akisema bei itapanda zikipelekwa kwa wakaguzi kama PSA, wanaozipa alama 1 hadi 10, hesabuni na ada ya ukaguzi, maana kwa kadi nyingi ada hiyo hupita bei ya kadi yenyewe. Andikeni jumla chini, halafu pembeni muandike 3,800. Usiseme neno. Mwache aisome mwenyewe.

Riba ya kadi za mkopo huko kwenu kwa watu wengi imepita asilimia 20 kwa mwaka. Kwa deni hilo ni zaidi ya dola 700 zinazokwenda bure kila mwaka, na sijui kadi ya besiboli ya kukimbizana na riba hiyo. Deni lilipwe kwanza, kiwanja kifuate.

Kama ananunua nafasi kwenye zile video za moja kwa moja, ambapo muuzaji anafungua boksi na kila mtu amelipia timu yake, muulize waziwazi. Timu yako isipotoka, umelipa na huna kitu. Mimi huo nauita kamari. Akishindwa kuacha, simu ya 1-800-GAMBLER ipo kwa ajili ya hilo.

Nimerudia mara nyingi ile sentensi yako ya Jumamosi. Baba analala mchana, usiku yuko ghalani, na mtoto anampata saa ile moja, sakafuni, wakisoma nyuma ya kadi mchezaji kapiga mipira mingapi na kazaliwa wapi. Hiyo usiiguse. Pangeni kiasi cha mwezi kitokacho kwenye posho ya baba, kidogo, kisichoumiza, na wakitumie wapendavyo, pakiti moja moja, au kadi moja ya mchezaji mtoto anayempenda, ambayo mara nyingi hugharimu kidogo kuliko kuitafuta ndani ya maboksi. Na wewe usiziite takataka mbele ya mtoto. Ziitwe mchezo, na mumeo aache kuziita urithi.

Kisha mwombe taarifa zote za benki, zake na zako, mezani. Akikubali, niandikie mmefika wapi. Akikataa niandikie pia, maana hapo tutakuwa hatuzungumzii kadi tena.